Nimemzoea Tu

"Usinitajie sampuli!" Kamusi alipiga meza kwa kiganja, kalamu zikaruka. "Yule si sampuli. Yule ni mama yangu!"

"Sikujua kama ni mama yako."

"Umesoma maneno yake kwenye kipaza sauti, ukumbi umejaa, baba yangu amekaa mstari wa mbele na suti aliyoishonesha kwa ajili yako!"

"Kamusi, punguza sauti. Ukuta huu ni wa mbao. Upande wa pili kuna watu wa historia."

"Waache wasikie. Si wanapenda mambo ya kale? Basi waandike: mimi na wewe, kuanzia leo, ni mambo ya kale."

Alivua pete akaitupa juu ya meza. Pete ile ilikuwa kubwa kwa kidole chake tangu siku aliyovishwa, haikuhitaji kuvutwa. Ilibingirika katikati ya marundo ya dodoso, ikagonga kikombe cha chai, ikalala ubavu.

Mwanamume aliitazama pete. Hakuigusa. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri lakini kifungo kimoja kimepandishwa tundu lisilo lake, na Kamusi alijichukia kwa kutamani kukirekebisha hata katika hasira ile. Wenzao chuoni walizoea kuwatania: huyu ana mchumba mchumi, akikosa hela atampa nadharia. Yeye alifundisha uchumi wa kaya, Kamusi alifundisha isimu mwisho wa korido hiyohiyo. Jina la Kamusi alipewa na yeye, mchumi, siku waliyobishania neno moja mpaka mlinzi akaja kuwaomba wafunge ofisi aende kwake.

"Baba yako ndiye amekutuma?" aliuliza.

"Baba yangu amekataa kuipunguza. Nilimpelekea pete yako aibane, unajua alisemaje? Alisema, 'Rudisha. Binti yangu haolewi na Bwana Asilimia.'"

"Bwana Asilimia."

"Usirudie kama unaonja. Ndilo jina lako kule mtaani sasa."

Kosa lilitokea hivi. Mchumi alikuwa anaongoza utafiti juu ya ndoa na kipato: je, watu hubaki katika ndoa kwa mapenzi au kwa sababu kutengana ni gharama? Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba na dodoso. Wiki iliyopita akawasilisha matokeo kwa wananchi, katika ukumbi wa mtaa, kama heshima kwa waliojibu. Katikati ya takwimu akasoma mfano mmoja: "Mke wa fundi saa, alipoulizwa anampenda mumewe kiasi gani, alijibu, 'Nimemzoea tu.' Jibu hili liko fungu la tatu: ndoa isiyo na mapenzi."

Mtaa ule una fundi saa mmoja.

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Kesho yake kinyozi wa jirani alipita dirishani kwa Fundi na saa mkononi: "Fundi, saa yangu hainipendi, imenizoea tu. Nifanyeje?" Tangu siku hiyo baba yake Kamusi amehamishia godoro kwenye karakana yake. Mama hajaulizwa neno, na Mama hajasema neno.

"Nimeomba radhi," mchumi alisema. "Nimekwenda mara mbili. Mara ya pili alinifungia mlango nikiwa bado nasalimia."

"Radhi ya nini? Makala bado inachapishwa."

"Imeshakubaliwa. Kamati ya vyeo inakaa wiki hii. Unataka niondoe jibu moja kwa sababu ni la mama mkwe? Kesho nitaondoa la shangazi, keshokutwa la jirani. Huo hautakuwa utafiti, utakuwa mwaliko wa harusi."

"Harusi gani?"

Mchumi alianza kupanga upya marundo ya dodoso.

"Nakuuliza, harusi gani?" Kamusi aliinama juu ya meza. Macho yao yalikutana karibu sana, karibu kuliko ilivyofaa kwa watu wanaoachana, na yeye ndiye aliyekwepesha kwanza. "Sikiliza. Sitaki uondoe jibu kwa sababu ni la mama. Nataka ujue limesomwa kijinga. *Nimemzoea.* Neno hilo halitiwi kwenye mizani kama viazi. Mtu anaweza kulisema kwa kuchoka, anaweza kulisema kwa raha. Mama mtu mzima, anaulizwa na binti wa watu mlangoni kwake kama anampenda mumewe! Ulitaka aseme nini? Avue viatu acheze? Mtu yeyote mwenye masikio ya lugha hii asingelitia fungu la tatu. Nani aliyelisoma?"

"Wasomaji wawili, kama kawaida. Kila mmoja peke yake, bila majina."

"Najua utaratibu. Nauliza nani."

"Wa kwanza ni mimi."

"Ah!"

"Mimi nililitia fungu la kwanza."

Kamusi alisita. "Mapenzi yapo?"

"Mapenzi yapo."

"Basi mjinga ni huyo wa pili. Nitajie jina lake."

"Achana naye."

"Nitajie! Nimfuate sasa hivi nimuulize alisomea wapi, na kama ada yake ilirudishwa."

"Kamusi, nimesema achana naye."

"Unamlinda nani wewe? Ni msichana? Ni yule msaidizi anayekuletea chai?"

Hapo mchumi alisimama. Kwa wiki nzima alikuwa amepokea matusi ya baba, ukimya wa mama na makali ya binti, na amepokea yote kama mtu anayenyeshewa na hana mwavuli. Sasa uso wake ulibadilika.

"Ni wewe."

"Nini?"

"Msomaji wa pili ni wewe. Majibu ya mtaa ule nilikupa wewe, bila jina la mtaa, ukayasoma kwenye sofa ya dada yako, miguu umeniwekea mapajani. Tulipolinganisha jibu hilo tukatofautiana. Mimi nikasema hapa pana mapenzi. Wewe ukacheka. Ukasema, 'Mchumi wangu, usichanganye moyo wako na data. Huyu mama kachoka.' Na sheria yetu tukitofautiana kwenye neno, mwenye lugha ndiye anaamua. Nikafuta la kwangu, nikaandika la kwako."

Upande wa pili wa ukuta, watu wa historia walikuwa kimya kabisa.

Kamusi alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakaa juu ya dodoso. Alikumbuka sofa. Alikumbuka miguu. Jibu lenyewe hakulikumbuka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi: mama yake alipita mbele ya macho yake katika maneno mawili, na yeye akampangia fungu kama nguo chafu.

"Kwa nini wewe ulilitia fungu la kwanza?" aliuliza hatimaye. "Hujui lugha kunishinda."

"Sijui. Lakini siku ile mvua ilipotukuta maktaba nilikuuliza kama unanipenda. Ulisemaje?"

Kamusi alichomoa karatasi moja aliyokuwa ameikalia.

"Ulisema, 'Nishakuzoea, nitafanyaje?' Nikaenda nyumbani kwa miguu, nimelowa mpaka soksi, nacheka peke yangu njiani kama kichaa. Kumbe ningejua kwamba ni fungu la tatu ningepanda gari."

Mtu mwingine angelia hapo. Kamusi alikasirika upya, tena vibaya zaidi.

"Na ukanyamaza? Wiki nzima baba anakuita majina, mimi nakuja hapa nakutukana, umekaa tu unanitazama nijidhalilishe?"

"Ulitaka nimwambie nani? Baba yako? Kwamba binti aliyemsomesha ndiye aliyeandika kwamba mkewe hampendi?"

"Ndiyo! Hilohilo!"

"Nilikuwa nakuhifadhi."

"Mimi si akiba ya benki! Nani alikutuma unihifadhi?"

"Na la 'fundi saa' ni langu. Mimi ndiye niliyeacha kazi ya mume kwenye karatasi ya ukumbini; yako ilikuwa na maneno tu. Kwangu ilikuwa namba ya kazi, haikuwa mtu. Kwa hiyo matusi mengine yalikuwa haki yangu, sikuona sababu ya kugawana."

Kamusi alisimama, akachukua mkoba wake.

"Chukua pete. Twende."

"Wapi?"

"Kwa baba. Na njiani usiniongeleshe."

Hakumwongelesha. Walitembea barabara nzima kila mtu upande wake, yeye mbele, mwanamume nyuma, kama wadai wawili wanaokwenda kwa mdaiwa mmoja. Kwenye kivuko gari lilipita karibu, mchumi akamshika kiwiko. Alikitoa kiwiko. Lakini si haraka.

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kioo na saa za ukutani kila upande, hakuna mbili zinazokubaliana. Godoro lilikuwa limekunjwa kona. Fundi alikuwa mezani, kioo cha kukuzia kimembana jicho moja. Mama alikuwa ndio kwanza anaweka sufuria ndogo ya chakula juu ya meza na kuchukua ile tupu ya jana. Ndivyo walivyoishi wiki hiyo: sufuria inaingia, sufuria inatoka, salamu hakuna.

"Shikamoo, Mzee," mchumi alisema mlangoni.

Saa zilijibu. Fundi hakujibu.

"Nimekwambia urudishe pete," alimwambia bintiye, "wewe umerudisha na mwenyewe. Nani amesema kwamba nakarabati watu?"

"Baba, nina neno."

"Kama ni kumwombea, usijichoshe. Huyu amesimama mbele ya mtaa mzima akanitangaza kwamba nimelala na mwanamke asiyenipenda tangu kabla hujazaliwa. Kwa asilimia!"

"Si yeye, Baba. Ni mimi."

Kioo kilitoka jichoni. "Wewe umefanya nini?"

"Jibu la Mama nililisoma mimi. Halikuwa na jina. Yeye alisema lina mapenzi, mimi nikasema halina. Nikamshinda. Alichosoma ukumbini ni maneno yangu."

Fundi akamgeukia mchumi. "Ni kweli?"

"Kazi yako niliiacha mimi kwenye karatasi, Mzee. Hilo ni langu."

"Sikukuuliza lako. Nimeuliza kama ni kweli."

"Ni kweli."

"Wiki nzima nakutukana, hukusema."

"Hukunipa nafasi, Mzee. Ulifunga mlango."

Mama aliguna. Ilikuwa sauti ndogo, lakini wote waligeuka.

"Na wewe!" Fundi alimrukia mkewe kwa maneno ya kwanza tangu siku ya ukumbi. "Wewe ndiye mwenye kauli. Waambie hawa wasomi ulimaanisha nini."

"Sisemi."

"Husemi?"

"Sisemi, Fundi. Umeishi na mimi miaka yote hii, leo unataka nikutafsirie? Mlipe huyu mwanao, ndiyo kazi yake. Ila naona naye tafsiri yake ina kasoro."

"Mama..." Kamusi alianza.

"Nyamaza, na wewe nitakufikia." Mama aliweka sufuria tupu chini, akafunga mikono kifuani. "Chungu kiko jikoni kinaungua. Mlango unagongwa. Nafungua, binti mmoja na kalamu. 'Mama, mumeo unampenda kwa kiwango gani, kuanzia moja mpaka tano?' Moja mpaka tano! Kama naulizwa moto wa jiko la gesi! Nilicheka mpaka nikashika mlango. Nikamwambia, 'Mwanangu, huyo nimemzoea tu,' nikarudi kwenye chungu changu. Basi. Kicheko changu mlikipeleka wapi?"

Aliwatazama mmoja mmoja.

"Nakuuliza wewe, Bwana Asilimia."

"Dodoso halina kisanduku cha kicheko, Mama," alisema polepole. "Mhojaji anaandika maneno tu. Sauti zilizorekodiwa tunazo, lakini hatuzisikilizi. Tunasoma karatasi."

"Basi huyu mtoto alisoma karatasi," Mama alisema, kidole kwa Kamusi, kisha kidole kikahama kwa mumewe na kikakaa hapo. "Wewe ulikuwa na masikio. Kila siku unanisikia nikikwita kutoka uani, unajua kwa sauti tu kama nimefurahi au nimegombana na ndoo. Lakini mtu mmoja kasimama na kipaza sauti, ukabeba godoro. Nani hampendi mwenzake hapo? Nipe namba, moja mpaka tano."

Fundi alichukua bisibisi ndogo, akaitazama, akairudisha palepale ilipokuwa.

Mchumi naye alikuwa hatazami mtu. "Kamusi," alisema, "majibu mangapi yana neno hilo? Kuzoea?"

Kamusi alielewa mara moja swali lilikokuwa likielekea. "Mengi. Watu wazima karibu wote."

"Na yote uliyatia wapi?"

"Fungu la tatu."

"Na mimi nikakubali."

"Ukakubali."

"Kwa hiyo hatujui kitu." Alisema kama mtu anayesoma bei. "Tumeandika kwamba nusu ya ndoa za mtaa huu zimekufa, na hatujasikiliza hata kicheko kimoja."

"Unaweza kuandika marekebisho," Kamusi alisema. Sauti yake haikuwa na ukali sasa, na hakupenda ilivyokosa. "Baada ya kamati. Wiki moja tu. Ukishapata cheo..."

"Baba yako atalala wiki nyingine hapa chini?"

"Mimi nalala ninapotaka," Fundi alinguruma.

Mchumi alikuwa ameshatoa simu. Alimpigia Profesa, mkuu wa mradi, papo hapo, amesimama katikati ya saa zisizokubaliana. "Profesa, naiondoa makala... Ndiyo, hiyo iliyokubaliwa... Hapana, siumwi. Tumesoma neno vibaya, na neno hilo ndilo lililobeba matokeo yote. Itabidi tusikilize sauti upya, zote... Najua kamati inakaa... Najua, Profesa." Sauti iliyotoka kwenye simu ilijaa chumba, na haikuwa sauti ya pongezi. Kulikuwa na neno "mpumbavu" ndani yake, na "usinitegemee tena." Aliisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akaaga, akairudisha simu mfukoni.

"Huyo amekutukana," Fundi alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na cheo?"

"Kimekwenda."

"Kitarudi lini?"

"Sijui kama kitarudi."

Kamusi alimtazama: shati safi, kifungo kimekosea tundu, uso wa mtu aliyechoma nyumba yake mwenyewe na hajutii moshi. Alitaka kumtukana kwa kutomshauri kwanza. Alitaka vilevile kitu kingine, lakini baba yake alikuwepo.

Fundi alinyoosha kiganja juu ya meza. "Lete."

"Nini, Mzee?"

"Pete. Au nayo umempa Profesa?"

Pete ilitoka mfukoni. Fundi aliipokea, akakirudisha kioo jichoni, akaigeuza mwangani. "Marahaba," alisema.

Mchumi alitazama huku na huku.

"Ulinisalimia ulipoingia. Sasa umejibiwa. Usifikiri nimekusamehe. Pete ikipwaya inapotea, na mimi sipendi kitu kupotea kwa ujinga. Wewe, mtoto, leta kidole."

Kamusi alileta kidole. Baba yake alikipima kwa uzi kama anampima mgeni, hakukibembeleza hata kidogo. Akaibana pete kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa uzi mwembamba, akakata kipande kidogo cha dhahabu kilichokuwa kimezidi.

"Hicho kipande mpeni huyu," Mama alisema, akimwonyesha mchumi kwa kidevu. "Ndio mshahara wake sasa."

Hata Fundi alipata shida kuzuia mdomo wake. Aliwasha kimoto chake, akaunga, akaitumbukiza pete kwenye kopo la maji. Ikalia *chiii*. Mama wakati huo alikuwa ameinama konani. Aliinua godoro, akalitia kwapani, sufuria tupu mkono wa pili, akasimama mlangoni. Hakumwambia mumewe aje. Alingoja tu, akimziba mwanga.

"Nakuja," Fundi alisema. "Kuna mtu ana kazi ya haraka hapa."

"Namwona." Mama alimgeukia bintiye. "Na wewe nilisema nitakufikia. Huyu kijana hana cheo, hana mshahara mpya, na Profesa kamtupa. Unampenda kwa kiwango gani? Moja mpaka tano, chungu changu kinaungua."

Kamusi alicheka. Kilimtoka bila ruhusa, kicheko kikubwa cha mtu aliyegombana siku nzima, na mchumi aligeuka akamtazama kama vile ndiyo jibu lenyewe, kabla neno halijafuata.

"Nishamzoea, Mama. Nitafanyaje?"

"Basi umekwisha," alisema Fundi. Alifuta pete kwa kitambaa, akamshika bintiye mkono na kuisukuma kidoleni mpaka shinani.

Ilibana. Haikutoka.